Elimu Chini ya Kufuli

Tunduma ni mji uliogusana na Nakonde ya Zambia kama vyumba viwili vya nyumba moja. Mkaazi wa huko hujifunza mapema kuwa mzigo mmoja una majina mawili: ukipita penye forodha huitwa biashara, ukipita njia ya panya huitwa magendo. Unga ni ule ule. Walakini mkaazi huyo hupambanua baina ya mwenye kuvusha malori usiku ili akwepe ushuru, na mama aliyevuka na kibaba cha unga cha wanawe. Sheria huweza kuwaita wote wawili kwa neno moja. Dhamiri ya jirani husita.

Kusita huko kunastahili kukumbukwa katika kumpima kijana wa mbali sana na Songwe, Aaron Swartz, aliyezaliwa Marekani mwaka 1986 na kukulia karibu na Chicago. Katika kompyuta akili yake ilikuwa ya ajabu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alihesabiwa miongoni mwa watungaji wa RSS 1.0, utaratibu wa kuwafikishia wasomaji habari mpya za kurasa za intaneti. Alipata fedha Reddit iliponunuliwa mwaka 2006. Vipaji vya namna hiyo aghalabu hutulia katika utajiri. Chake kilihangaishwa na swali, elimu ni mali ya nani?

Baina ya Septemba 2010 na Januari 2011 alitumia mtandao wa chuo cha MIT kunakili makala za kitaalamu karibu milioni 4.8 kutoka hazina ya JSTOR. Kwa nafasi yake Harvard alikuwa na ruhusa ya kuzisoma, si ya kuzichukua kwa wingi ule. Wala isifichwe kwamba alijificha, akaiweka kompyuta yake katika chumba cha nyaya, na kwa sababu yake wasomaji wote wa MIT walifungiwa hazina hiyo kwa siku kadhaa. Mtetezi wa wasomaji aliwanyima wasomaji.

Je, huo ni wizi? Aibaye ng'ombe humwacha mwenyewe na zizi tupu. Makala za JSTOR zilibaki zote mahali pake. Atajibiwa kwamba kuhariri na kuhifadhi kuna gharama, na kwamba mkulima wa kahawa wa Mbozi hawaruhusu wapita njia kuchuma. Jibu hilo ni zito, hasa kwa kuwa JSTOR si kampuni ya faida. Lakini mkulima yule alipanda kwa jasho lake, ilhali makala nyingi za kitaalamu huandikwa na wataalamu wasiolipwa na mchapishaji, na aghalabu kwa fedha za umma.

Huko huko Mbozi kipo kimondo cha chuma kinachokisiwa kuwa na uzito wa tani 16. Kijana wa Vwawa huweza kukigusa kwa mkono wake. Akitaka kusoma waliyoyaandika wataalamu juu ya vimondo vya jinsi hiyo, huenda akasimamishwa na bei ya dola 30 au zaidi kwa makala moja. Iko mipango kama Research4Life inayozifungulia taasisi za nchi maskini. Asiye na taasisi husimama nje.

JSTOR ilirudishiwa nakala zake, ikasema haina haja ya kesi. Serikali ya Marekani ilishtaki. Kufikia mwaka 2012 makosa yalikuwa 13, na kifungo kingeweza kufika miaka 50. Ilhali waendesha mashtaka walikuwa tayari kwa miezi 6, akikiri yote. Tofauti iliyopo baina ya miezi 6 na miaka 50 haiwezi kuwa kipimo cha kosa, kwa kuwa kosa ni lile lile. Ni bei ya kukataa kukiri. Alikataa. Tarehe 11 Januari 2013 alijiua, akiwa na umri wa miaka 26, na mashtaka yakafutwa. Moyo wa mtu hausomeki kutoka nje, na si haki kuitwisha kesi peke yake kifo kile.

Septemba 2011, yeye angali mshtakiwa, JSTOR ilifungua bure makala zake za kale: za Marekani zilizochapwa kabla ya mwaka 1923, na za kwingineko kabla ya 1870. Wataalamu walianza kuandika juu ya kimondo cha Mbozi katika miaka ya 1930.