Nyumba Huanza Lini Kuwa Historia?

Mwaka 2002, mjini Rancho Mirage, California, mmiliki mpya wa nyumba ya Maslon aliibomoa mara tu baada ya kuinunua. Richard Neutra, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa karne ya 20, aliikamilisha mwaka 1962: vioo, mistari iliyonyooka, paa bapa. Kibali kilitolewa. Miaka 40 haikutosha kuiokoa.

Umri ndio unaoamua Tanzania pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyofuata husubiri kutangazwa rasmi. Je, historia ya nyumba ni umri wa kuta zake?

Nyumba ya tembe ya Wagogo, huko Hombolo na kwingineko Dodoma, inakataa jibu hilo. Vyumba vyake huzunguka ua wanamolala ng'ombe. Paa ni bapa: fito juu ya nguzo, kisha udongo ulioshindiliwa. Eneo hili kwa kawaida hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, na juu ya paa mtama huanikwa. Mchwa wakila nguzo, inabadilishwa. Mvua ikila udongo, unaongezwa mwingine. Kuta hazizeeki, kwa kuwa hufanywa upya daima.

Lakini msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, alikuta watu wakiishi katika tembe. Ujuzi wa kuijenga umeutangulia mwaka uliowekwa na sheria, ila sheria hiyo haina pa kuuandika.

Japani imepata pa kuuandika. Hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, na hakuna anayeliita jipya.

Nyumba ya Neutra ilihitaji kuta zake zilindwe, maana thamani yake ilikuwa humo. Tembe inahitaji mafundi wake. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilizihamishia familia nyingi kwenye vijiji vya ujamaa, kisha bati likaenea. Tembe hufa bila tingatinga, pale kijana anapokosa wa kumfundisha kupanga fito.

Hombolo kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachoandaa watumishi wa halmashauri. Siku watakapoletewa ombi la kubomoa nyumba, wakishasoma mwaka wa ujenzi, waulize pia ni nani bado anajua kuijenga nyumba hiyo, na kama yupo anayejifunza kwake.