Gundi Haionekani

Kuna kazi ndogo ambayo mtu yeyote mwenye nduthi anaweza kuifanya nyumbani Jumamosi jioni, na hakuna atakayewahi kumsifu kwa kuifanya vizuri. Ni kutoa gripu kuukuu za usukani na kuvalisha mpya. Nazungumzia ile mipira miwili ambayo kiganja hukamata: wa kushoto upande wa klachi, wa kulia upande wa mafuta na breki ya mbele. Bei yake si kubwa, vifaa vinavyohitajika karibu vyote viko nyumbani, na mtaani utaambiwa ni kazi ya dakika kumi tu. Mimi naona ndani ya dakika hizo kuna swali zito la maadili: kwa nini mtu afanye kazi vizuri mahali ambapo hakuna jicho litakalofika?

Tuanze na kazi yenyewe, maana swali limejificha humo. Gripu kuukuu huwa imekauka kwa jua na jasho, pengine imepasuka, pengine imeanza kuzunguka kiganjani. Kuitoa kuna njia mbili. Ukiwa huna haja nayo tena, unaichana kwa wembe kwa urefu wake na kuibandua kama ganda la muhogo. Upande wa kushoto ni rahisi kwa sababu chini yake kuna chuma. Upande wa kulia lazima uwe na mkono mwepesi, maana chini yake kuna bomba la plastiki linalovuta kebo ya mafuta, na wembe hauchagui. Ukitaka kuihifadhi, unapenyeza bisibisi bapa kati ya mpira na usukani, unapuliza WD-40 au unamimina maji ya sabuni, unazungusha mpaka inateleza yenyewe.

Hapo ndipo mtego wa kwanza. Kitu kilichokusaidia kutoa ndicho adui wa kuvalisha. Mafuta yakibaki kwenye chuma, gripu mpya itaingia vizuri ajabu, na itatoka vizuri vilevile. Kwa hiyo unafuta usukani kwa spiriti, unakwangua gundi ya zamani, unafuta tena mpaka kitambaa kitoke kisafi. Kisha unatambua kwamba gripu zinauzwa kwa jozi lakini si mapacha. Usukani wa pikipiki nyingi ndogo una upana wa milimita 22, na lile bomba la mafuta ni nene zaidi, hivyo gripu ya kulia ina tundu kubwa kuliko ya kushoto. Ukizibadilisha, moja itagoma kuingia na nyingine itacheza.

Unapaka gundi ya gripu, au kama wengi wanavyofanya, unapulizia ndani dawa ya nywele, ambayo huteleza ikiwa mbichi na kunata ikikauka. Unasukuma haraka, kwa sababu gundi haikungoji. Upande wa kulia unaacha upenyo mdogo, kama unene wa sarafu, kati ya mwisho wa gripu na kile kiboksi cha swichi. Mpira ukigusana na kiboksi, mafuta yanaweza kukwama yakiwa yamefunguka. Unajaribu injini ikiwa imezimwa: vuta, achia, lazima irudi yenyewe kwa kishindo. Halafu unaacha piki ilale. Gundi nyingi zinataka usiku mzima.

Sasa fikiria watu wawili wamemaliza kazi hii saa moja jioni. Wa kwanza amefuata kila hatua. Wa pili amepaka sabuni, amesukuma, amenawa mikono. Ukisimama mbele ya piki hizo mbili huwezi kuona tofauti. Gripu zote nyeusi, zote mpya, zote zimekaza ukizishika. Na ikiwa piki ina yale makava makubwa ya kukinga mikono baridi na mvua, kama boda wengi walivyoweka, basi hata gripu yenyewe huioni, sembuse kilicho chini yake. Tofauti itakuja siku ya mvua, maji yakipenya, sabuni iliyokauka ikilainika tena, katikati ya magari, mtu amebebwa nyuma.

Plato aliliona swali hili bila pikipiki. Katika Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyepata pete: akigeuza kito chake kuelekea kiganjani, haonekani. Mchungaji huyo hakukawia, alimshawishi malkia, akamuua mfalme, akatwaa kiti. Glaucon anadai kila mmoja wetu angefanya hivyo, kwamba watu ni waadilifu kwa kuogopa kuonekana tu. Tunapoisoma hadithi hiyo tunafikiria maovu makubwa, wizi na mauaji. Lakini pete za maisha ya kawaida ni ndogo sana. Mpira wa gripu ni pete kama hiyo. Ukishauvalisha, kazi yako imekuwa haionekani, na wewe peke yako ndiye unayejua kilicho ndani.

Jibu la haraka ni kusema: fanya vizuri kwa sababu ni wewe utakayeanguka. Jibu hilo linatosha kwa mwenye piki anayejiendesha peke yake kwenda kazini. Kwake ni busara tu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila halitoshi kwa nchi ambayo mamilioni ya safari kila siku ni za mtu na abiria wake. Piki nyingi zinazopita barabarani kwetu zimebeba mgongo wa pili. Huyo wa nyuma hajaona wembe wala spiriti. Ameuliza bei, amepanda, ameshika simu. Kwa nini mwili wake uwe salama mikononi mwa mtu asiyemjua?

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka wa 1986 kuhusu imani kati ya watu, alitofautisha kutegemea na kuamini. Kitu unachokitegemea kikishindwa, umevunjika moyo. Mtu unayemwamini akikuangusha, umesalitiwa. Kiswahili kina neno linaloibeba tofauti hiyo bila kuhitaji makala: amana. Amana ni kitu cha mwenzako kilichoachwa kwako, na uzito wake unatokana na hilo hasa, kwamba mwenyewe hayupo kukilinda. Anayekulindia pesa zako ukiwa unamwangalia hajabeba amana, amekaa tu karibu na pesa. Abiria anapopanda, anaacha mwili wake kwa dereva, na pia kwa yeyote aliyegusa piki ile kabla yake. Mtu aliyevalisha gripu Jumamosi amepokea amana ya mtu wa Jumatatu ambaye hata hajazaliwa akilini mwake.

Kwa hiyo jibu langu kwa Glaucon ni hili: swali la kama ninaonekana limeelekezwa kwangu, na jambo lenyewe linamhusu mwenye amana. Yeye yupo hata nikiwa nimefichika. Nikijiuliza "nani ataona?" nimeshamsahau.

Lakini kuna pingamizi, na ni la haki. Jamaa wa steji atasikia haya yote na kucheka. "Usiku mzima? Wewe unalala, mimi nalala njaa." Boda wengi si wenye piki. Kila jioni wanapeleka kiasi kilichokubaliwa kwa mwenye chombo, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya, na kinachobaki ndicho unga, kodi na fees. Kwa mtu kama huyo saa nane za gundi kukauka ni pesa, na mara nyingi ndizo saa za watu wanaotoka kazini usiku. Kumwambia asubiri ni rahisi kwangu kuandika na ghali kwake kutii. Maadili ambayo ni mwenye nafasi tu anayeweza kuyamudu yana kasoro mahali.

Nakubali sehemu ya hilo. Dhiki inapunguza lawama. Mtu aliyeharakisha kwa sababu watoto wanangoja si sawa na aliyeharakisha ili awahi mechi. Ila dhiki haipunguzi utelezi. Hatari ambayo yeye ameshindwa kuibeba haijayeyuka, imehamia kwa abiria, naye hakuulizwa. Na mara nyingi kati ya kungoja usiku mzima na kudanganya kuna njia ya tatu. Gripu kuukuu ikiwa bado imeshika, mbaya kwa sura tu, inaweza kusubiri siku ya mapumziko. Zipo gripu zinazofungwa kwa skrubu, hazihitaji gundi. Kazi inaweza kugawanywa, upande mmoja leo, kama mwingine haujalegea. Kisichokubalika ni kupaka kinachoteleza halafu kumwambia mteja "panda twende" kwa sauti ile ile.

Na hapa pingamizi la jamaa wa steji linafika mahali pake halisi. Kama kungoja kuna gharama, swali ni nani ailipe. Mwenye piki anayedai pesa yake kamili hata siku chombo kimelala kwa ajili ya ukarabati anasema, bila kutamka, kwamba usalama ulipwe na mtu mwenye kidogo kuliko wote. Yeye hagusi gripu, mikono yake ni safi, lakini kila sabuni inayopakwa kwa haraka ina alama ya vidole vyake. Sisi abiria nasi tumo. Tunapiga kelele kwamba boda hawajali, halafu tunamchagua anayetukubalia bei ya chini na kutufikisha mapema.

Bado kuna kundi jingine: sisi ambao piki ni yetu, muda tunao, na hatugusi kitu kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi. Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka wa 1974 kuhusu Zen na utunzaji wa pikipiki, ana tukio linalofanana na letu kabisa. Usukani wa BMW ya rafiki umelegea. Msimulizi anapendekeza kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo la bia, kitaukaza sawasawa. Rafiki anakasirika, bati la bia kwenye piki ya thamani vile! Anaona takataka mahali mwenzake anaona chuma laini kisichoshika kutu. Tatizo lake halikuwa ujinga. Alikuwa hataki kujua, kwa sababu kujua kungemfanya awajibike.

Sisemi kila mtu awe fundi. Kazi ya nyumbani si safi kuliko ya jua kali, na mtu asiyeijua kebo ya mafuta akiikata kwa ushujaa wa video mbili amefanya kosa baya kuliko aliyelipa. Kujua mpaka wako ni sehemu ya kutunza amana. Ila ukishaifanya mara moja kwa mikono yako, unajua cha kumuuliza fundi: umefuta kwa nini, umepaka nini, iko tayari saa ngapi? Na akikujibu "kesho", hutamfokea.

Hayo ndiyo mabadiliko madogo ninayoyataka. Mwenye piki, siku chombo kimelala kwa ajili ya gundi, ikate kwenye hesabu. Abiria, ukiambiwa "leo sibebi, gripu bado mbichi", usimwone mvivu, hifadhi namba yake. Kesho ndiye umpigie.