Somo la Jamii kwa Anayetaka Udaktari

Nchini Kenya, mwanafunzi huingia kitivo cha tiba moja kwa moja kutoka shule ya upili. Masomo yanayotazamwa zaidi ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Somo la jamii, liwe Jiografia, Historia na Serikali au la dini, huchaguliwa katika mfumo wa 8-4-4 kwa kigezo kimoja mara nyingi: lipi litaleta A bila jasho jingi. Hesabu hiyo ina mantiki. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huangalia pia jumla ya masomo saba, ambayo upeo wake ni pointi 84, na somo la jamii laweza kuchangia 12. Katika mtaala mpya, Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina mikondo mitatu, na anayetaka udaktari huelekezwa mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Marekani, shahada ya kwanza hutangulia udaktari, na mtihani wa kuingilia ni MCAT. Tangu 2015, sehemu moja kati ya nne hupima tabia na jamii kwa maswali 59 katika dakika 95. Takriban asilimia 65 ni saikolojia na 30 sosiolojia. Kozi ya utangulizi katika kila moja hujenga msingi. Ya tatu yenye faida ni inayochunguza afya na tofauti za kipato.

Umuhimu wa maarifa hayo waonekana Kenya pia, kwa mfano katika Kaunti ya Nakuru. Visima vingi vya Njoro na viunga vyake vina floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Jiografia hueleza kwamba floridi hiyo hutoka katika miamba ya volkeno. Biolojia na Kemia hueleza jinsi inavyoyafanya meno ya mtoto kuwa ya kahawia. Ila nani anamudu maji ya kununua, na kijana anayeziba mdomo akicheka anajionaje, hayo ni maswali ya sosiolojia na saikolojia. Daktari anayefunzwa Chuo Kikuu cha Egerton, chenye makao Njoro, atakutana nayo yote kwa mgonjwa mmoja.

Kwa hivyo gredi izingatiwe kwanza, kwani bila hiyo nafasi haipatikani. Pale masomo mawili yanapoahidi gredi sawa, lichaguliwe linalomfunza mwanafunzi jinsi watu wa kwao wanavyoishi.