Binti Aliyechaguliwa na Dada Yake

Wazazi wengi wa Karagwe na Kyerwa hutamani binti zao wapate nafasi katika shule za bweni za wasichana, kama ile ya Bweranyange, iliyo chini ya KKKT Dayosisi ya Karagwe. Lakini nafasi si nyingi, na ada hutoka katika kahawa ya kibanja. Basi, binti mmoja akichaguliwa na dada yake asichaguliwe, je, ni haki fedha zote zimfuate yule wa kwanza?

Wengine hujibu: Ndiyo, maana mwingine atasoma bure. Ni kweli, tangu mwaka 2016 sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hata cha nne. Lakini yule wa kutwa hutembea mbali, na jioni hutumwa maji na kuni; kisha hudaiwa alama sawa na za mwenzake wa bweni.

Mtihani hupima yale mtoto aliyoyajua siku ile, wala haupimi thamani yake. Shule haina budi kuchagua, maana vitanda vyake vina hesabu. Mzazi hana ruhusa hiyo. Amlipiaye mmoja ada, na amwekee mwingine taa, daftari na saa za kusoma. Na ndoo ya maji ishikwe na kaka zao pia.