Bolti Iliyopakwa Rangi

Somo: Mathayo 5:23-24, Waefeso 4:15-16

 

Wengi wenu mnaijua ile Land Cruiser yetu ya huduma. Ni kuukuu, lakini imebeba kwaya na vyombo miaka mingi. Mwezi uliopita tulikuwa tunaenda mkutano wa injili nje ya Isiolo, waimbaji 9 nyuma. Kwenye barabara ya mawe nikasikia ko, ko, ko huko chini. Kisha gari likaanza kuvuta upande. Nikasimamisha, nikalala chini nikaangalia. Kuna zile bolti zilizopindwa kama herufi U, zinazofunga springi kwenye ekseli. Nati ya moja niliizungusha kwa vidole tu! Niliogopa. Ekseli ingehama, tungepinduka na watoto wa watu.

Sasa niwaambie ukweli. Mimi nilijua. Miezi miwili kabla niliona ile kutu. Nikanunua rangi nyeusi, nikapaka, ikang'aa. Nikasema Mungu ni mwema. Ni mwema kweli, lakini si yeye aliyenituma nipake kutu rangi.

Waimbaji walipanda bodaboda, mimi nikarudi mjini polepole. Fundi akajaribu kukaza, nati ikazunguka bure. Akaniambia, "Pasta, hii hata ukaze mpaka kesho haishiki. Meno yameisha." Akamwagia mafuta, ikakataa. Ikabidi akate kwa gesi. Akatoa zote za upande ule, hata zile nilizoona ni nzima. "Zikishafunguliwa hazirudishwi," akasema, "zimevutika." Akaangalia na bolti zingine zilizolika. Mimi nilitaka za bei rahisi, zenye namba 4.6 kichwani. Akakataa, akaweka za 8.8, ambazo huhimili mvutano mara mbili. Tukiondoka akasema, "Mkishatembea kidogo na mzigo, mrudi nikaze tena."

Usiku ule, kabla sijapanda jukwaani, Roho Mtakatifu akaniuliza, "Na bolti yako wewe?"

Wapendwa, kwa miaka 3 nilikuwa sijaongea na ndugu yangu mdogo, kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Tukikutana kanisani ni Bwana asifiwe, na tabasamu. Hiyo ilikuwa rangi. Chini yake meno yalikuwa yameisha. Na nilikuwa nakaza kwa maombi na kufunga, lakini sikutaka kukata ile ya zamani.

Yesu anatufundisha kwamba ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale, uende kwanza mkapatane. Na Paulo anasema mwili wote hushikana kwa viungo vyake. Kiungo kimoja kikilegea, wanaoumia ni wale waliobebwa nyuma. Kwetu ni watoto wetu. Wa kwangu na wa ndugu yangu walikuwa hawasalimiani.

Nikampigia. Sikujitetea. Nikasema, "Ndugu yangu, nilikukosea. Nilipima ule mpaka bila wewe." Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Nitafikiria," akakata simu.

Sikuhubiri vizuri usiku ule, nawaambia. Lakini wiki hii amenipigia yeye. Jumamosi tunaenda shambani pamoja na wazee, na kama mawe ya mpaka yatarudi nyuma, yatarudi. Bado tutahitaji kukaza tena, kwa sababu neno moja la kwenye simu halijabeba mzigo.

Na wewe, mpendwa, ni bolti gani umepaka rangi? Ni nani unamsalimia kwa midomo tu? Usingoje barabara ya mawe. Kabla ya Jumapili ijayo, nenda, au piga simu. Anza na kosa lako, sio lake.

Tuombe: Bwana, nionyeshe palipolegea kwangu. Nipe ujasiri wa kukata kilichooza na unyenyekevu wa kuanza upya. Katika jina la Yesu. Amina.