Meno ya Kauri na Aibu ya Kucheka

Swali hili limefika hata kwetu Kyela. Vijana wetu huenda Mbeya na Dar es Salaam, na huko huwaona watu wenye meno meupe, yaliyo sawasawa kama punje za mchele, wasijue kwanza ya kuwa meno yale ni kazi ya fundi. Wakiisha kujua, huuliza: Je, mtu aliyetengeneza kicheko chake kwa fedha, kinywa chake si kimesema uongo kabla hakijatamka neno?

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi huihukumu bila kuijua. Mganga wa meno hutengeneza gamba jembamba la kauri, unene wake yapata nusu milimita, akaligandisha juu ya uso wa jino kwa gundi. Gamba hilo huitwa vinia. Ili likae vizuri, mara nyingi hana budi kulikwangua jino kwanza, aondoe sehemu ya tabaka lake gumu la nje. Na tabaka hilo likiisha kuondolewa, halioti tena. Wala vinia yenyewe haidumu siku zote. Nyingi hukaa miaka 10 hata 15, kisha sharti zibadilishwe, na fedha nyingine itafutwe. Mwanzo wake ulikuwa katika sinema: mwaka 1928 mganga mmoja wa California, Charles Pincus, aliwafanyia waigizaji wa Hollywood magamba ya kubandika kwa muda, nao waliyabandua kazi ilipokwisha. Yale ya kushika kwa miaka mingi yalikuja katika miaka ya 1980, watu walipokuwa wamejua kuliparuza jino na kauri kwa asidi ili gundi ishike.

Wako wasemao, Meno uliyozaliwa nayo yakutoshe. Neno hili lasikika kuwa jema, lakini watu wa kale wa nchi zetu hawakulishika. Wamakonde walichonga meno yao yakawa na ncha. Wamasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na Wajaluo waling'oa sita, nao walihesabu jambo hilo kuwa dalili ya kuuacha utoto. Hata mwanya, ambao waganga wengi wa Ulaya na Marekani huuona kuwa pengo la kuzibwa, kwetu ni uzuri wa kusifiwa, na wapo waliochonga meno ili waupate. Basi kijana akitaka meno meupe kama wale awaonao mjini, hakuzua tamaa mpya. Amebadili majirani tu, akataka kupendeza machoni pa wale wapya.

Tena kuhusu uongo. Watazameni akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa Matema. Hufinyanga, wakavipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, navyo vyapendeza. Hakuna mnunuzi aendaye kulalamika kwamba alidanganywa kwa rangi. Lakini kama mtu angepaka udongo juu ya ufa, akauza chungu kama kizima, hapo angekuwa mwizi, maana mnunuzi angepika, na mchuzi wake ungemwagika. Uongo hupimwa kwa kile anachokitegemea mwenzako. Mtu akikutana na mwenye vinia sokoni, ategemea nini juu ya meno yale? Hategemei kitu. (Mchumba ana haki zaidi ya kujua, nami nadhani aambiwe, si kwa sababu ya meno, bali kwa sababu fedha ya kuyabadilisha itatoka katika nyumba yao wote wawili.)

Lakini jambo lililonifanya niandike liko mbali kidogo na kwetu, katika nchi ya Meru. Katika Wilaya ya Arumeru pana mahali paitwapo Maji ya Chai, kwa ajili ya rangi ya mto wake. Maji ya pande zile hupita katika mawe ya volkano, yakachukua floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu maji ya vijijini yafike 4, kwa kuwa mahali pengine maji mazuri zaidi hayakupatikana. Na ziko chemchemi zilizopita hata 10. Magadi yatiwayo katika maharage na makande huongeza tena. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya taya, yatatokea yakiwa na madoa ya kahawia, na mengine humomonyoka. Mswaki hauyaondoi, wala mkaa, wala majivu.

Mtu huyu akienda ugenini, watu husemaje? Husema hapigi mswaki. Husema ni mvuta tumbaku. Naye hujifunza kucheka akiweka kiganja kinywani, na kupigwa picha midomo ikiwa imefungwa; wengine huimba kwa shida. Huyo akiweka akiba yake miaka mingi, akaenda kwa mganga, nani atamwambia kwamba ana kiburi? Alichokitaka ni kucheka tu kama wengine. Aibu ile hakuifanya yeye, na madoa yale hayakuwa kosa lake.

Hapa watu wa kanisa hupenda kutaja habari za Samweli katika nyumba ya Yese, ili kuwakemea wajipambao. Someni tena sura ile ya 16. Katika habari ile aliyeonywa juu ya sura na kimo ni Samweli, yaani mtazamaji. Sisi tumeligeuza onyo, tumempa yule anayetazamwa, na macho yetu wenyewe tumeyaacha huru.

Hata hivyo simwungi mkono kila aendaye. Kijana mwenye meno mazima, meupe kiasi chake, akikubali yakwanguliwe ili yafanane na ya mtu aliyemwona katika picha, ametoa kiungo kizima kwa ajili ya desturi ambayo labda itapita kabla deni lake halijaisha. Nao waliochonga kwa tupa zamani walifanya vivyo hivyo, na wengi wao walikuja kuugua meno. Wala hata mwenye madoa asiharakishe. Yako madoa yawezayo kupunguzwa kwa kupausha, au kwa kusugua juujuu, au kufunikwa kwa utomvu mgumu wenye rangi ya jino, ambao mara nyingi hautaki kukwangua sana. Tena jino lililoharibiwa na floraidi laweza kuishika gundi kwa shida kuliko jino zima. Amwulize mganga wazi, Utaondoa kiasi gani? Itakuwaje baada ya miaka 15? Mganga asiyependa maswali hayo aachwe.

Tena vinia haiyasafishi maji. Kule Ngurdoto, karibu na Arusha, pamekuwa na kituo cha serikali cha kutafuta njia za kuondoa floraidi, na njia moja ni kupitisha maji katika mkaa wa mifupa. Paa la bati na tangi la mvua hufaa pia, maana maji ya mvua hayajapita katika mawe yale. Mtoto wa Meru aliye na miaka 2 leo, meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, wala hakuna ayaonaye. Maji anywayo mwaka huu yataonekana atakapocheka akiwa na miaka 8.