Komedia Inayoanzia Nyegina

Kwa nini hakuna aliyeandika komedia ya mapenzi juu ya Nyerere kurudi nyumbani? Kila kitu kipo. Msomi anarejea kutoka Edinburgh mwaka 1952. Kabla ya harusi ya Januari 1953 anakanyaga udongo Butiama, anajenga nyumba kwa mikono yake. Watu wanashangaa: na digrii yote ile! Hapo hata mimi ningecheka. Ila tunamcheka nani? Tulitaka arudi, lakini arudi bwana mkubwa.

Na mchumba je? Tamthilia za namna hii humpima aliyerudi: bado anapenda? Aliyebaki haulizwi kama anamtaka huyu aliyekuja. Mimi ningefungua pazia darasani Nyegina, alikofundisha Maria Gabriel, na nimwache aongee kwanza.